Uso wa Mzee Boru Ukutani

Nakumbuka siku moja mji wa Isiolo uliamka ukiwa na mtu asiye na uso kwenye kila ukuta.

Mwanangu, ukiniona nacheka nikisimulia usidhani nakudanganya. Mimi hucheka hata msibani. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikimtania mkunga. Lakini siku hiyo kicheko kilinikauka kooni. Mpaka leo, ndevu zangu zikiwa nyeupe kama pamba, nikipita mahali penye tangazo la mtu aliyepotea lazima nisimame, nilitazame, nihakikishe macho yapo.

Kwanza ujue nilikuwa nani. Nilikuwa fundi wa printa. Mchana natengeneza mashine, jioni nasoma ngumbaru, ile shule ya watu wazima, tukikaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa masikio. Nilipofaulu kidato cha nne elimu ilinijaa hivi kwamba nilitembea polepole isije ikamwagika. Kutoka Isiolo mpaka Moyale hakukuwa na fundi mwingine wa printa, na kama alikuwepo, alijificha aliposikia nakuja.

Sasa, nilikuwa nimeitwa Garbatulla kutengeneza mashine, na nikarudi juu ya lori la mbuzi. Barabara ile unaijua. Mtu hupanda akiwa mrefu akashuka mfupi. Upepo nao ulikuwa umevuma siku kadhaa mfululizo, vumbi jekundu limeshika kila kitu, mbuzi wote wamekuwa rangi moja.

Tulipopumzika Kulamawe niliona karatasi imebandikwa kwenye mlango wa duka. Upande wa kulia palikuwa na maneno, meusi, safi. Upande wa kushoto palikuwa na ukingo wa kofia, na chini yake bega moja. Kati ya kofia na bega, mahali pa uso, hapakuwa na kitu. Haikuchanwa, wala haikuloa. Ilikuwa nyeupe tu, kama yai.

Nikajiambia, watoto hao. Lori likaondoka. Kituo kilichofuata, karatasi ile ile, mtu yule yule, kofia, bega, na weupe. Kilichofuata, vivyo hivyo. Mwanangu, mimi si mwoga, nimewahi kumfukuza fisi kwa kiatu kimoja, lakini nilianza kufumba macho kila lori lilipopunguza mwendo. Tangazo moja tu, karibu na mji, lilikuwa limebakiza jicho. Jicho moja, linakutazama kutoka mahali pasipo na mtu.

Nilishuka stendi, pale anapouza miraa Mama Kendi, mama wa kwetu Meru ambaye hakuna habari inayompita.

"Wee fundi," akaniambia kabla hata ya habari, "usiangalie hiyo karatasi sana. Walioangalia sana jana hawakulala."

"Nani huyo?"

"Mzee Boru wa Kulamawe. Alikuja kwa msichana wake ameolewa hapa mtaa ya Bulapesa, na unajua siku hizi anasahausahau. Ametoka kwenda swala ya alfajiri, hajarudi mpaka leo. Wakabandika picha. Haki ya nani, nilimwona na hizi macho yangu, na kofia, na ndevu ya hina. Upepo imevuma, sura ikaenda."

"Sura tu?"

"Si ndio hiyo tunauliza! Maneno imebaki. Namba ya simu imebaki. Kwa nini upepo ichague sura?" Akajifunga shuka vizuri, akashusha sauti. "Wanasema akishakufa huko porini, picha nayo inakufa. Magari ya kumtafuta ati yataitwa yarudi. Kesho wanamswalia."

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ndivyo wahenga walivyosema, na ndivyo mji mzima ulivyokuwa umeamini. Lakini mimi nilisimama kinyesi cha mbuzi wa Garbatulla kimenikauka kwenye suruali, nikawaza jambo moja tu: Isiolo yote hiyo picha ingechapwa wapi kama si kwa Hajia Sadia?

Hajia Sadia alikuwa mjane wa Kiborana, mrefu kama nguzo ya stima, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala karibu na soko la mifugo. Vijana wote tulimwita Akko, yaani nyanya, hata waliokuwa na nyanya wengine sita. Mashine yake niliijua kuliko nilivyowajua ndugu zangu. Nilikuta duka limefungwa, nikaambiwa yuko Bulapesa na wanawake wa msiba. Neno hilo, msiba, lilikuwa limeshatangulia kufika.

Nikaenda. Uani kwa binti yake Boru wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wanawake upande wa pili. Hakuna aliyelia, na huo ukimya ndio ulionitisha. Mke wa mzee, Mama Wario, alikuwa amekaa peke yake, kiganja chake cha kulia kimefunguliwa juu ya goti, na kiganja kilikuwa cheusi.

Hajia aliniona nikikitazama. Akanivuta kando. "Alikuwa anaipapasa picha ukutani," akanong'ona. "Anaongea nayo. Akaondoa mkono, uso wote ukatoka nao. Tangu tuswali adhuhuri hataki kunawa. Anasema mume wake ako hapo."

Adhana ya alasiri ilipoita, ilibidi atawadhe. Mwanangu, nimeona mengi, na mengine nimeyaongeza chumvi mwenyewe, lakini hili siliongezi hata punje. Yule mama alinawa kiganja kile taratibu, kidole baada ya kidole, kwa maji kidogo kidogo, kama wanavyooshwa maiti. Maji meusi yakaingia mchangani. Wanawake wote wakageuza nyuso.

Ndipo Mzee Galgalo, kaka yake Boru, akasimama na fimbo yake. Alikuwa mtu mzito, neno lake halirudi. "Dalili ya mvua ni mawingu," akasema. "Ndugu yangu ametupa dalili. Magari yarudi. Wanaofuata nyayo warudi, wamechoka, na ngamia wao wana kiu. Kesho baada ya swala ya Ijumaa tutamswalia."

Sheikh alikohoa. "Mimi siswalii mtu kwa sababu ya karatasi, Mzee."

"Basi tutakaa tu tumwombee. Lakini magari yarudi."

Na nani angembishia? Simu zikaanza kupigwa. Elewa vizuri kilichokuwa mezani, mwanangu. Kama Boru alikuwa hai mahali fulani, na kichwa chake hakikumbuki njia, basi kila gari lililogeuza lilikuwa linamwacha. Jua lile la Isiolo, ambalo mimi nimeliona likikaanga chapati juu ya boneti, halimsubiri mzee.

Nikamwambia Hajia twende dukani sasa hivi. Tulipofika nikauliza kama karatasi yoyote ya tangazo lile ilibaki. Ilibaki moja, imelala kwenye droo, na Mzee Boru alikuwa mzima juu yake: kofia, ndevu za hina, makunyanzi ya mtu aliyecheka sana maishani. Nikaweka dole gumba kwenye maneno ya kulia, nikasugua. Hayakutikisika. Nikaliweka kwenye shavu la mzee, nikasugua. Shavu likaondoka.

Hajia akasema, "Auzubillahi."

"Ngoja kwanza, Akko. Usimfukuze shetani kabla hatujaangalia jiko."

Nikueleze. Printa ile huchapa kwa wino wa unga. Unga ukianguka juu ya karatasi haujashika bado, ni kama masizi tu. Karatasi hupita kwenye sehemu inayoitwa fyuza, mimi huiita jiko: rola mbili zimelaliana, moja ya moto, nyingine ya mpira. Moto unauyeyusha unga, na springi mbili, moja kila mwisho, zinazibana rola hizo ili unga uzame ndani ya karatasi. Springi zikibana sawasawa, maandishi hukaa mpaka Kiyama. Upande mmoja ukilegea, karatasi hutoka nzuri ajabu, lakini upande ule umelala juujuu, unangoja wa kuupangusa. Na upepo wa Isiolo, wenye mchanga wake, ni mkono mkubwa.

Kuna jaribio la kulipima jiko. Unachapa ukurasa mweusi mtupu, wote mweusi. Kisha unaurudisha ndani, unauacha usimame katikati ya rola zikiwa na moto kwa muda mfupi, halafu unautoa. Pale rola zilipobana pataonekana mstari unaong'aa. Nilifanya hivyo, na ile karatasi nyeusi ilipokuwa inatoka polepole, bila neno wala picha, Hajia alirudi nyuma hatua kadhaa. Sikumlaumu. Stima ilikuwa inafifia, upepo unapiga bati, na mashine inatema weusi kama kaburi linalofunguliwa.

Tukaipeleka dirishani. Mstari ulikuwepo. Upande wa maneno ulikuwa mpana kama kidole. Ukaenda ukipungua, ukipungua, mpaka upande wa picha ukawa mkia wa panya, kisha ukapotea kabisa.

Nikafungua jiko. Upande mmoja springi ilikuwa nene, ya kiwandani. Upande wa pili, mwanangu, nilikuta springi ya tochi. Ile ya kusukuma betri! Imekaa hapo imejikunja kama mgeni asiyejua kwa nini amealikwa.

Nikacheka mpaka nikashika meza. "Nguo ya kuazima haisitiri matako! Nani mjinga ameweka hii?"

"Mimi," akasema Hajia.

Kicheko kikafa.

"Ile yake ilivunjika," akaendelea. "Wewe ulikuwa Garbatulla. Spea iko Nairobi, na barabara ilikuwa imekatwa na maji. Watu wamekuja wanalia, wanataka karatasi siku hiyo hiyo. Nikatoa kwa tochi yangu. Karatasi ikatoka, nikaona ni safi, nikamshukuru Mungu."

Nilikuwa kijana, na kijana hupenda kumsaidia mtu kwa njia fupi. Nikamwambia, "Akko, sikiliza. Nitabadilisha springi. Tutachapa mpya, tuzibandike kimya kimya. Wewe usiseme kitu. Ukisema ni springi ya tochi, nani ataleta kazi hapa tena? Wataambiana Hajia alimzika Boru akiwa hai. Acha waseme ni jini. Jini hana duka la kupoteza."

Alinitazama. Alikuwa na namna ya kukutazama ukajiona umepungua urefu.

"Umesoma jioni zote hizo," akasema, "na hicho ndicho ulichotoka nacho? Karatasi mpya nani ataibeba? Magari yamerudi. Nyayo zinafutika. Nikinyamaza, wanaume watakaa kwa mikeka kwa sababu ya tochi yangu, na mzee akufe kwa sababu ya jina langu. Mficha uchi hazai, kijana. Jina likichafuka nitalifua. Boru nitamfua na nini?"

Akavaa viatu. "Wewe tengeneza mashine. Mimi naenda kuongea."

"Peke yako?"

"Si nilichapa peke yangu?"

Sikuwepo aliposema, lakini Isiolo hakuna ukuta usio na masikio, na nimesimuliwa na watu wengi hivi kwamba ni kama nilikuwepo mara mia. Aliingia upande wa wanaume, jambo ambalo halikuwa desturi yake, akasimama katikati ya mikeka. Akamsalimia Galgalo. Akasema, "Hakuna dalili. Ni mimi. Nimetia springi ya tochi kwa mashine, ikabana upande mmoja na kuacha mwingine." Akatoa karatasi niliyokuwa nimeisugua. Akasugua maneno mbele yao, hayakutoka. Akasugua ndevu za mzee, zikatoka. "Hii ni unga tu. Ndugu yako hajasema kitu. Mimi ndiye nimekosa, na nyinyi mnapoteza jua."

Wanasema Galgalo alinyanyua fimbo, na hakuna aliyejua itashukia wapi. Akaishusha chini taratibu.

"Sadia," akasema, "tumekaa hapa tangu asubuhi tukimzika mtu na tochi?"

"Ndiyo."

"Na ungenyamaza, nani angejua?"

"Mimi."

Mzee akageuka, akawafokea vijana kama kwamba wao ndio waliokuwa wamekaa: "Mnangoja nini? Washeni magari!"

Huku dukani mimi nilikuwa nahangaika. Nilikuwa na springi za mashine nyingine iliyokufa zamani, nikachukua moja, nikaiweka pale pa tochi. Nikajiona mjanja. Nikachapa: sasa uso umeshika kama umechongwa, lakini karatasi inatoka imekunjamana, na namba ya simu, upande wa pili, inafutika kwa kidole! Springi ya zamani ilikuwa na nguvu kuliko mwenzake, ikavutia rola kwake. Sasa tungekuwa na uso usio na pa kupiga simu. Nilitokwa na jasho la kujaza ndoo mbili. Hatimaye nikaelewa kwamba tatizo si kubana sana wala kubana kidogo, ni kutobana sawa. Nikang'oa zote mbili, nikatia mapacha, zote kutoka ile mashine iliyokufa, zimezeeka pamoja na kuchoka pamoja. Ukurasa mweusi ukatoka, na mstari ukang'aa toka mwisho mpaka mwisho, upana mmoja. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, na nimehudhuria harusi nyingi.

Hajia aliporudi hakuuliza kitu. Alichukua karatasi ya kwanza yenye uso, akausugua kwa nguvu zake zote, akatazama kidole. Kisha akasema, "Chapa."

Magari yaliondoka na zile karatasi kabla jua halijashuka. Gari lililokwenda Gotu ndilo lililompata, na aliyeniambia yote ni dereva mwenyewe.

Pale Gotu palikuwa na duka dogo, na kwenye ukuta wake tangazo la zamani, lisilo na uso. Chini ya tangazo hilo alikaa mzee mmoja aliyefika hapo kwa miguu, hajui ametoka wapi. Mwenye duka alikuwa akimpa chai na kivuli. Maneno alikuwa ameyasoma, lakini vikongwe waliopita na kofia walikuwa wengi, na picha yenyewe haikusema ni yupi.

Dereva alikuja, akapaka gundi, akabandika karatasi mpya juu ya ile ya zamani. Mwenye duka akaitazama. Akatazama chini. Akatazama tena juu. Sufuria ya chai ikamtoka mkononi.

Dereva akamuuliza, "Huyu amekaa hapa tangu lini?"

"Tangu upepo uanze," akajibu yule mtu. "Na hiyo picha ya kwanza ilikuja na sura, sasa nakumbuka, lakini vumbi lilikuwa limeifunika kabla sijaiangalia vizuri. Ni yeye aliifuta."

"Nani?"

"Huyu mzee! Kila asubuhi alisimama, akachukua shuka yake, akapangusa vumbi kwa uso wa ile picha. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, huyu maskini anatafutwa na watu wake, wacha nimsafishe waweze kumwona."

Mwanangu, hapo hata mimi sina mzaha. Nimeieleza fyuza kwa vijana wengi, na springi, na unga, na yote yana sababu yake. Lakini nikikumbuka mzee yule akijipangusa usoni mwake kwa huruma, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka akajimaliza, baridi hunipanda mgongoni hata saa saba mchana.

Alirudishwa Bulapesa siku hiyo hiyo, midomo imepasuka, amekonda, hai. Daktari alisema kwamba angekaa kidogo zaidi figo zingekataa. Mama Wario hakupiga vigelegele. Alimkalisha, akamnywesha maziwa, akamgombeza kwa kupoteza viatu. Na duka la Hajia? Walikaa mbali naye kwa muda, siwezi kukudanganya. Walimwita Mama Tochi, na watoto wakaimba. Kisha Mzee Galgalo akaja mwenyewe kuchapisha kadi za harusi ya mjukuu wake, akakaa mlangoni pale kila mtu amwone. Wakarudi wote.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, na uishike kwa mikono miwili. Jambo likikutisha, liguse kwanza. Weka dole lako, sugua, fungua jiko, uone ndani, ndipo useme ni jini au si jini. Watu wengi wamezikwa na uvumi wangali wanapumua. Utakapokuwa na nyumba yako, na watoto, na watu chini yako, bana kila upande kwa nguvu moja. Mtoto unayemkaza peke yake atakunjamana, na yule unayemlegezea atapanguswa na upepo wa kwanza. Na kosa likiwa lako, na maisha ya mtu yananing'inia hapo, usitafute njia ya kimya kama niliyomtafutia Hajia mimi. Nenda pale pale walipokaa, simama, sema kabla jua halijazama. Aibu huisha. Nimeiona ikiisha. Lakini mtu aliyeachwa porini akafa harudi.

Mola akupe mvua kwa wakati wake na malisho karibu na boma. Akupe wazee wa kukukemea ungali kijana, na ulimi mwepesi wa kusema ni mimi. Na siku akili yako itakapochoka ukatoka usijue njia, akujalie watu wasiokubali kukaa chini mpaka wamekuona. Amina, mwanangu. Amina.